Jengo la Kiwanja cha Ndege na Watu Wasiolipwa

Siku moja mwalimu wetu wa historia alituuliza darasani: "Jengo la zamani ni jengo gani?" Mmoja akajibu kuwa ni kanisa. Mwingine akataja boma la Wadachi kule Gitega. Mimi nikasema makaburi ya wafalme. Hapana hata mmoja aliyetaja kiwanja cha ndege, ingawa sisi wa Bujumbura twasikia ngurumo za ndege zikishuka juu ya bonde la Rusizi tangu tukiwa watoto wadogo. Mwalimu alipokitaja yeye, tulicheka. Twadhani kuwa ndege ni kitu cha jana, na kitu cha jana hakina historia.

Basi nalilichukua swali lile, nikasoma na kuulizauliza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kiwanja chetu kilifunguliwa mwaka 1952, wakati mji ukiitwa Usumbura na nchi ikiwa chini ya Wabelgiji. Tangu mwaka 2019 kimepewa jina la Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa kuwa Rais kwa kura za wananchi mwaka 1993. Hesabuni wenyewe: mtoto aliyezaliwa siku kiwanja kilipofunguliwa, leo ni mzee wa miaka zaidi ya 70. Njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 3,600. Jengo lake lina kuba zilizokaa moja karibu na nyingine, hata mtu akilitazama kwa mbali aweza kudhani ni nyumba za msonge za babu zetu zilizokusanyika katika ua mmoja. Wageni hulipiga picha. Sisi hupita tu, macho yetu yako kwenye mizigo.

Tena ndege zenyewe zililijua ziwa letu mapema kuliko hapo. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji walileta ndege nne za kuelea majini upande wa pili wa Tanganyika, karibu na mahali paitwapo Kalemie, wakaruka nazo kwenda kuipiga mabomu bandari ya Kigoma, ilipokuwapo meli ya Wadachi, Graf von Götzen. Meli hiyo ndiyo ile tuijuayo kwa jina la Liemba.

Sasa nataka niwapeleke mbali kidogo, kwa sababu huko mbali kuna watu waliolijibu swali la mwalimu kwa mikono yao. Kusini mwa London pana mji uitwao Croydon. Mwaka 1928 palifunguliwa hapo jengo la abiria wa ndege lenye mnara wa kuongozea, na wakati ule hapakuwa na mengi ya namna hiyo duniani. Kutoka hapo, tarehe 28 Februari 1931, ilianza safari ya kwanza ya posta ya angani ya shirika la Imperial Airways kuja Afrika Mashariki. Mwisho wa safari hiyo ulikuwa Mwanza! Msidhani kuwa barua ilikaa katika ndege moja mpaka mwisho. Ilihamishwa toka ndege hata ndege, ikapita juu ya bahari na mto Nili, na kutoka Khartoum ikachukuliwa na ndege ya kuelea majini mpaka Ziwa Viktoria. Safari nzima ilichukua siku kumi hivi, na watu waliona ni maajabu, kwa maana kwa meli na gari la moshi zilikuwa majuma.

Na kuna jambo jingine la Croydon ambalo sisi tusomao Kifaransa tutalifurahia. Rubani akipatwa na hatari hulia katika redio: "Mayday, Mayday, Mayday." Neno hilo lilibuniwa katika miaka ya 1920 na Frederick Mockford, mkuu wa redio wa kiwanja hicho. Kwa kuwa ndege nyingi zilikuwa zikienda na kurudi kati ya Croydon na Paris, alitafuta neno ambalo Mwingereza na Mfaransa wote watalielewa, akalichukua Kifaransa, m'aider, yaani kunisaidia. Neno hilo bado linaokoa watu hata leo.

Lakini kiwanja chenyewe kilikufa. Kilikuwa cha majani matupu, na nyumba za watu zilikuwa zimekizunguka, hata kisiweze kupanuliwa wakati ndege zilipokuwa kubwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili safari kubwa zilihamia Heathrow, na tarehe 30 Septemba 1959 Croydon kikafungwa. Uwanja ukajengwa nyumba na viwanda, jengo likabaki. Jengo la abiria lisilo na ndege ni kama bandari iliyokimbiwa na maji. Nani alihitaji mnara wa kuongozea ndege mahali pasipo ndege?

Waliouhitaji ni watu wa kawaida. Waliunda chama chao, wakakusanya redio, picha, tikiti na karatasi, wakafanya makumbusho ndani ya mnara. Hawalipwi. Desturi yao imekuwa kuufungua mnara Jumapili ya kwanza ya mwezi, na mgeni akipanda ngazi humkuta mtu wa kumweleza hapa alikaa nani na chombo hiki kilifanya kazi gani. Jengo lililobaki limepata kazi ya maofisi, nami naona hilo nalo ni jambo jema, kwa maana nyumba isiyokaliwa haikawii kuanguka.

Mtu aweza kuniambia, "Hao ni watu wa jirani ya London, wana fedha." Haya, tazameni Foynes. Hiki ni kijiji cha Ireland, kando ya mto Shannon. Mwaka 1939 ndege kubwa za kuelea majini zilianza kutua hapo na abiria kutoka Marekani, na mwaka 1945 safari zikakoma, kijiji kikarudia ukimya wake. Ndege za aina ile iliyokuwa maarufu kupita zote, Boeing 314, zilijengwa 12 tu, na leo haikubaki hata moja. Jengo lililowapokea abiria ndilo lililobaki, na tangu mwaka 1989 ni makumbusho. Nimelifikiri sana jambo hili. Ndege ambayo watu wote waliitazama imetoweka. Nyumba ambayo hapana aliyeitazama ndiyo inayotoa ushuhuda.

Sasa nitaeleza kazi yenyewe ilivyo, na hapa hapana budi niseme habari ya aibu yetu.

Mwaka juzi mimi na wenzangu kumi na mmoja tulijitolea kutengeneza ghala moja la zamani lililokuwa likibomoka. Silitaji ni la nani wala liko wapi. Lilikuwa la matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo. Tulikuwa na nguvu na nia njema, na mtu mwema alitupa mifuko minane ya simenti. Tukakwangua ukuta wote ndani na nje, tukaupiga lipu ya simenti, tukaupaka rangi nyeupe. Siku ile kila mtu alitusifu. Tulipiga picha.

Mvua za masika zilipokwisha, lipu ilivimba kama ngozi iliyoungua moto. Ukiigonga ilitoa sauti ya debe tupu. Ilipoanguka ilianguka pamoja na uso wa matofali. Mzee mmoja fundi, jirani, alikuja akaushika ukuta kwa kiganja, akatuuliza, "Wanangu, nani aliwaambia muuzibe pua?" Tukamwambia, "Mzee, tulitaka kuutia nguvu." Akakaa chini akatueleza, na maelezo yake nimeyakuta baadaye katika vitabu, ila yake yalikuwa mafupi.

Tofali laini huvuta maji kutoka ardhini kama utambi wa taa unavyovuta mafuta. Katika ukuta wa zamani maji hayo hupanda kidogo, kisha hutoka nje kwa kupitia udongo au chokaa, jua likayakausha. Simenti ni ngumu na haipitishi unyevu kwa urahisi. Ukiifunika juu ya tofali laini, maji hubaki ndani, hutafuta njia, na njia pekee ni kulivunja tofali lenyewe. Kwa hiyo ukuta wa chokaa hutengenezwa kwa chokaa, wa udongo kwa udongo, na jengo la zege lina dawa yake nyingine. Kitu kinachoongezwa kisiwe kigumu kuliko kile cha zamani. Tena mzee alisema kuwa tulianza mahali pasipofaa. Ilitupasa kuanza juu: paa, kisha mifereji ya maji ya mvua, kisha mtaro wa kuyapeleka maji mbali na msingi. Hayo yakiwa mazima, pengine ukuta hauhitaji kitu kingine.

Ukuta ule ungeweza kutengenezwa tena. Kilichonisumbua mimi ni jingine. Nilipokuwa nakwangua upande wa mlango, niliona maandishi ya kalamu ya risasi: hesabu ya mifuko ya kahawa, vijistari vitano vitano, na pembeni majina ya watu. Niliyasoma mawili, nikaendelea kukwangua, kwa kuwa tulikuwa tukishindana nani atamaliza sehemu yake kwanza. Nimejaribu kuyakumbuka majina yale, siwezi. Wale watu walibeba kahawa ile mabegani mwao, na yamkini hapakuwa na mahali pengine duniani palipoandikwa majina yao.

Ndiyo sababu wajuzi wa kazi hii hawaanzi na jembe wala brashi. Huanza na daftari. Hupima kila chumba, huchora, hupiga picha kila ukuta kabla haujaguswa, na huwauliza waliofanya kazi humo. Mwaka 1964 wajuzi wa nchi nyingi walikutana Venice wakaandika kanuni za kazi hii. Mojawapo yasema kwa maana hii, kuwa mwenye kutengeneza asibuni. Asipojua dirisha lilikuwaje, asitengeneze dirisha la kufikiri tu na kutuambia ndilo la zamani. Na kabla ya yote kuna ruhusa. Mtu anayejitolea hana haki juu ya jengo kwa sababu tu ya kulipenda.

Nairudia Bujumbura. Kiwanja chetu hakikufa, kinafanya kazi, tena ni mahali pa ulinzi. Hatuwezi kwenda pale Jumamosi asubuhi, siku ya kazi za jumuiya, na makoleo yetu. Wala sitaki twende. Baada ya ghala lile nimejifunza kuziogopa nguvu zetu. Lakini ile sehemu ya kwanza ya kazi, ile ya daftari, haihitaji kuingia ndani ya uzio, na haiwezi kungoja. Bonde lile ni la maji: mwaka 2020 Rusizi ulifurika, ukaizamisha Gatumba, jirani ya kiwanja, na maelfu ya watu wakahama. Tena viwanja vyote vya ndege hubadilishwa kadiri ndege zinavyobadilika, nalo jambo hilo ni la haki. Na wale walioviona vya kwanza wanakwenda zao mmoja mmoja.

Kwa hiyo ninyi mliotutangulia shuleni hapa, nawaombeni. Baadhi yenu mliondoka nchini kwa ndege kwenda masomoni mkiwa vijana kama sisi. Kama mna picha mliyopigwa mbele ya jengo, msitupelekee yenyewe, tupeni nakala, na nyuma yake andikeni mwaka. Kama mna tikiti ya zamani, hali kadhalika. Na kama mnakumbuka ndugu zenu waliposimama kuwapungia mikono, lango lilikuwa upande gani, kengele au sauti gani iliwaita, andikeni hata mistari mitatu.

Mimi nimeanza. Wakati wa likizo nilimwendea mzee mmoja huko Buyenzi ambaye katika ujana wake alipokea mizigo ya abiria. Nilimwuliza mizani ilikaa wapi. Hakunijibu kwa maneno, alichukua fimbo yake akachora mavumbini: hapa mlango, hapa meza ya forodha, hapa mizani, hapa benchi ya sisi wapagazi. Nilinakili upesi, kwa kuwa kuku walikuwa wakija. Mchoro huo uko ukurasa wa kwanza wa daftari, katika chumba cha vitabu cha shule. Mwenye kuona kosa ndani yake na aniandikie.