Duka Limehama, Jina Limebaki: Somo kwa Wafanyabiashara wa Mpakani Wanunuao Bidhaa Muhima

Sekta ya Muhima, iliyo katika Wilaya ya Nyarugenge jijini Kigali, huanzia juu karibu na kitovu cha mji na kuteremka kilima hadi bondeni Nyabugogo, penye kituo kikuu cha mabasi. Mtu atokaye Rusizi, Rubavu, Cyanika, Gatuna, Kagitumba au Rusumo hushukia huko bondeni, kisha hupanda kilima kwenda kutafuta bidhaa. Kwa hiyo wengi wenu mnaosoma jarida hili, ijapokuwa hamjapata kulala Muhima hata usiku mmoja, mnaifahamu kuliko mnavyoufahamu mtaa mwingine wowote wa Kigali. Au tuseme mliifahamu. Somo la toleo hili linahusu yaliyobadilika hapo, na hasara inayoweza kumpata mwenye mtaji mdogo anapokwenda kununua kwa kutegemea kumbukumbu peke yake.

Mabadiliko hayo hayakuja kwa siku moja. Jengo la Union Trade Centre, ambalo wengi hulitaja kwa kifupi UTC, lilifunguliwa katikati ya mji mwaka 2006, na mwaka 2008 duka kubwa la Nakumatt kutoka Kenya likaingia humo. Soko la wazi la Nyarugenge lilibomolewa, na mahali pake pakasimama soko la ghorofa liitwalo Kigali City Market. Mafundi na wauza mbao wa Gakinjiro walihamishiwa Gisozi, na hata jina likageuka: Gakinjiro ikawa Gakiriro, neno litokanalo na kitenzi cha Kinyarwanda kiwezacho kumaanisha kutajirika. Na mahali ilipokuwa shule ya ufundi iliyojulikana kwa jina la ETO Muhima, makumi ya wafanyabiashara waliunganisha mitaji yao wakajenga jumba la CHIC, lililoanza kazi mwaka 2016. Mpango mkuu wa Jiji la Kigali wa mwaka 2013, uliorekebishwa mwaka 2020, unataka katikati ya mji pawe na majengo ya ghorofa badala ya nyumba za chini. Jiji lilikwisha pia kuagiza kwamba maduka yaliyokuwa katika nyumba za makazi yahamie katika majengo ya biashara.

Sasa pimeni mabadiliko hayo kwa safari za mfanyabiashara wa upande wa Kabale. Mpaka wa Gatuna, ulio takribani kilomita 80 kutoka Kigali, ulifungwa mwishoni mwa Februari 2019 na ukafunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Katikati ya muda huo ugonjwa wa Korona ulizuia safari za mipaka mingine yote. Agosti 2020 soko la vyakula la Kwa Mutangana, pale Nyabugogo, lilifungwa pamoja na Kigali City Market ili kupunguza maambukizi, na wauzaji wa Kwa Mutangana wakapelekwa katika masoko mengine. Mtu aliyekaa karibu miaka mitatu bila kuuona mji, akarudi na fedha zake kifuani na jina la duka kichwani, alikuta jina bado linatajwa na kila mtu, lakini duka lenyewe halipo.

Kiini cha tatizo ni hicho. Wakazi wa Kigali, kama wakazi wa miji yetu mingi, hutaja mahali kwa jina la mtu au la kitu kilichokuwapo zamani. Shule imeondoka, jina lake bado ni kituo. Soko limehama, watu bado husema “tukutane sokoni” wakimaanisha mahali palipobaki patupu. Kwa mwenyeji jambo hilo halina madhara, kwa sababu anajua kilichopo nyuma ya jina. Kwa mgeni, jina lisilo na duka ni mlango ambao mtu yeyote anaweza kusimama mbele yake na kujifanya mwenye nyumba.

Tukumbuke pia jinsi biashara ilivyokuwa katika safu za maduka ya zamani. Duka lilikuwa na baraza, na baraza ilitazamana na baraza nyingine. Mteja akija mara tatu, majirani walimjua. Akidai kwamba ametapeliwa, muuza chumvi wa upande wa pili alikuwa shahidi. Biashara ya mali kauli, yaani kuchukua bidhaa leo na kulipa safari ijayo, ilisimama juu ya macho hayo ya majirani. Ninaamini kwamba jirani wa baraza alikuwa askari wa kwanza wa mtaa, na wala hakulipwa mshahara. Majumba mapya yana walinzi na kamera, na siyadharau, kwa maana kazi yetu imekuwa nyepesi kwa sababu yake. Lakini kamera humwona mtu aliyepita tu. Haimjui kuwa ni nani. Muuzaji aliyekuwa chini, barazani, sasa yuko ghorofa ya tatu katika chumba kinachofanana na vyumba vingine ishirini, na jirani yake amehamia hapo mwezi uliopita.

Tuseme mama mmoja muuza vitenge wa Kamembe anapanda basi alfajiri kuja Kigali. Amezoea kununua majora yake katika duka moja la Muhima ambalo halipo tena. Anaposhuka Nyabugogo, anamuuliza kijana aliyesimama karibu na lango. Kijana anamjibu kwa Kiswahili kizuri, anamwita mama, anamtajia mwenye duka kwa jina, na kumwambia kwamba tajiri amehamia juu, katika jumba jipya. Wanapanda pamoja. Njiani anampigia simu “tajiri”, na sauti upande wa pili inamsalimu mama kwa furaha, inamwuliza habari za watoto, inasema mzigo uko bohari na malipo ya awali yatumwe kwenye namba hii ili ufunguliwe kabla wateja wengine hawajauchukua. Mama anatuma. Kijana anamwomba asubiri mbele ya lifti, naye anakwenda “kuleta ufunguo”.

Katika mfano huo hakuna aliyetishwa wala kunyang’anywa. Kila hatua ilikuwa ya adabu. Kosa hili hutokea kwa urahisi mahali ambapo watu wanaaminiana kwa majina, na hushamiri katika miezi ile maduka yanapohama, maana wakati huo hata mwenyeji mwaminifu hana uhakika ni nani yuko wapi.

Komisiyoneri, kama dalali aitwavyo Kigali, si mhalifu kwa sababu tu ya kazi yake. Wapo wengi wanaoishi kwa haki kwa kuwaunganisha wauzaji na wanunuzi. Lakini dalali wa haki anakupeleka mpaka kwenye meza ya muuzaji, na ujira wake hutoka baada ya bidhaa kuonekana. Anayetaka fedha zipite mikononi mwake au katika simu yake kabla hujaona mzigo amekwisha kujieleza.

Hapa niongeze jambo la lugha, kwa maana limewahangaisha ndugu zetu wa Tanzania na wa Kongo. Katika Kiswahili cha vitabu, karani ni mtu wa ofisini, mwenye kalamu na daftari. Mjini Kigali karani ni mchukuzi wa mizigo, yule anayebeba robota begani kutoka dukani hadi kwenye gari. Mgeni akiambiwa “mpe karani”, anaweza kudhani anaelekezwa kumkabidhi hati au malipo mtu wa hesabu. Mpe mzigo tu, na mfuate nyuma. Wengi wa wachukuzi hao wamo katika vyama vya ushirika na huvaa sare. Mtazame sare yake kabla ya kumwachia kitu.

Basi mfanyabiashara afanye nini? La kwanza ni kuacha kutegemea jina na kushika anwani. Barabara za Kigali zina namba: KN ni za Nyarugenge, KG za Gasabo, na KK za Kicukiro. Kila ununuapo, andika katika daftari lako namba ya barabara, jina la jengo, ghorofa na namba ya mlango, pamoja na namba ya simu uliyopewa na muuzaji mwenyewe akiwa mbele yako. Duka likihama, piga namba hiyo ya zamani ungali nyumbani, si ile utakayopewa Nyabugogo. Nakiri kwamba ushauri huu ni mwepesi kuuandika, na mgumu kwa mtu aliyezoea kwenda dukani kama aendavyo kisimani. Lakini daftari la franga mia chache limeokoa mitaji mingi.

La pili ni risiti. Tangu mwaka 2013 Rwanda inatumia mashine na programu za risiti za kielektroniki ziitwazo EBM. Risiti hiyo ina jina la muuzaji na namba yake ya mlipakodi yenye tarakimu tisa. Wengine huiona kuwa ni jambo la kodi tu, na wapo wauzaji wanaokupunguzia bei kidogo ili usiidai. Kataa punguzo hilo. Mbele ya mpelelezi, karatasi hiyo ndiyo jirani wa baraza aliyebaki. Iwapo unalipa kwa simu, lipa kwa msimbo wa biashara uliobandikwa dukani, na usome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Jina hilo likitofautiana na la kwenye risiti, simama uulize.

Risiti ina kazi nyingine mpakani. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa zenye asili ya nchi wanachama, zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, kwa cheti cha asili kilichorahisishwa. Zingatieni neno asili. Sehemu kubwa ya viatu, simu na vyombo vinavyouzwa katika majumba ya Muhima vimetoka China au Dubai, na kununuliwa Kigali hakuvifanyi kuwa bidhaa za Afrika Mashariki. Anayekuahidi cheti hicho kwa mzigo wa namna hiyo anakuuzia matatizo utakayoyakuta kizuizini.

Lipo pia suala la wale wanaotaka kupanga, si kununua tu. Kodi za majumba mapya ni kubwa, na kwa hiyo wafanyabiashara watatu au wanne hugawana chumba kimoja. Si vibaya, lakini yule anayekupa kona ya chumba chake naye ni mpangaji. Kabla ya kumlipa kodi ya miezi kadhaa, omba kuuona mkataba wake na uongozi wa jengo, kisha nenda katika ofisi ya jengo ukahakikishe kwamba anaruhusiwa kumpokea mtu mwingine. Na kila mmoja atoe risiti yake kwa jina lake. Kutumia EBM ya mwenzako ni kosa linalowaangukia wote wawili.

Wala ukubwa wa jengo usikupumbaze. Nakumatt niliyoitaja hapo juu ilikuwa na matawi katika nchi kadhaa za kanda yetu. Wauzaji waliipelekea bidhaa kwa mkopo wakiamini kwamba jina kubwa haliwezi kuanguka. Mwezi Januari 2020 wadai wake nchini Kenya walipiga kura ivunjwe, na waliokuwa na mali yao humo wakabaki na madai katika makaratasi.

Kuhusu sheria: kujipatia mali ya mtu mwingine kwa hila ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 174 cha Sheria Na. 68/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 2 hadi 3 pamoja na faini ya franga 3,000,000 hadi 5,000,000. Ukitapeliwa, piga simu 112 au nenda kituo cha polisi kilicho karibu. Upelelezi hufanywa na Idara ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, iliyoanzishwa mwaka 2017. Nenda siku hiyo hiyo, kabla ya kupanda basi la kurudi, na usifute ujumbe wowote wa simu hata kama unakuaibisha. Watu wengi hurudi nyumbani kwanza kwa sababu ya haya, na wanapokuja baada ya wiki mbili laini ya simu imekwisha kutupwa.

Lakini deni si wizi. Muuzaji uliyemjua na kumlipa, aliyeshindwa kuleta mzigo kwa wakati, au mpangaji mwenzako aliyechelewesha kodi, ni jambo la kusuluhishwa au la Mahakama ya Biashara. Polisi hawakusanyi madeni, na yeyote anayedai fedha ili askari “akusaidie kudai” anakutapeli mara ya pili.

Kwa vikundi vinavyotumia jarida hili katika mikutano ya vijiji na ya kamati za polisi jamii, tunapendekeza mjadala uanze na maswali haya. Ni wangapi kati yetu wanaonunua Muhima kwa mali kauli, na ni wangapi wana anwani ya maandishi ya muuzaji wao? Je, chama chetu kinaweza kuwa na daftari moja la pamoja, ili anayesafiri wiki hii amwachie anayesafiri wiki ijayo habari za duka lililohama? Nani kijijini alipata hasara akanyamaza, na tumwendeeje ili aseme? Majibu ya swali hili la mwisho yaletwe kwa ofisa uhusiano wa polisi wa wilaya yenu, bila kutaja jina la mtu kama mwenyewe hataki.