Useremala kwa Asiye Fundi

Wazee walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii watu wengi huikariri, lakini ni wachache wanaokumbuka kuitazama ile koleo na kuuliza imevunjikia wapi. Somo letu la juma hili ni juu ya jambo hilo.

Msomaji asidhani kwamba mwandishi ni fundi. Kazi yangu ni ya kalamu na karatasi, na sikupata kufundishwa useremala na mtu yeyote. Nilianza kushika msumeno nilipokwisha kuwa mtu mzima mwenye watoto, ili nipitishe saa za Jumamosi alasiri kwa jambo lenye faida. Nilinunua msumeno, nyundo, patasi moja, futi ya kupimia, na randa iliyokwisha kutumiwa na mwingine. Kisha nikaenda kwenye kiwanda cha kupasulia mbao, nikanunua ubao wa msaiprasi uliokuwa bado unanukia utomvu. Niliuona mzuri kwa kuwa ulikuwa laini na ulikatika upesi.

KIGODA CHA KWANZA

Nilikata kipande cha kukalia na miguu minne, nikaipigilia misumari mirefu kutoka juu. Nilipokiweka kigoda sakafuni, kilicheza. Nikapunguza mguu mmoja; kikacheza upande wa pili. Nikapunguza na huo. Niliendelea hivyo mpaka jua likatua, na kigoda kilichoanza na kimo cha inchi 16 kikaishia inchi 11, na bado kilikuwa kikicheza. Watoto walicheka sana. Hata hivyo nilikipaka rangi, nikakiweka sebuleni.

Baada ya miezi miwili baba yangu alikuja kutoka shamba kututazama. Nilimpa kiti kizuri, lakini akasema, "La, mwanangu, nitaketi juu ya kile ulichokitengeneza mwenyewe." Alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Kabla hajanywa hata mafunda mawili, miguu miwili ikaachana na ubao, naye akaanguka chali. Chai ilimmwagikia kifuani, na kiwiko chake kikachubuka.

Sijapata kuona haya kama siku ile. Tulipokwisha kumfunga kiwiko, nilikiokota kigoda ili nikipeleke jikoni kiwe kuni. Baba akanizuia. "Usikitie motoni bado," akasema. "Kilete hapa tukitazame. Ukikichoma leo, utatengeneza kingine kama hiki, na mimi nitaanguka tena."

Basi tulikiweka juu ya meza, tukakikagua kipande kwa kipande.

MAKOSA TULIYOYAONA

Kosa la kwanza lilikuwa kutumia mbao mbichi. Mti uliokatwa karibuni umejaa maji, na maji yakitoka ubao hupungua. Lakini haupungui sawasawa pande zote. Urefu wake hupungua kidogo mno, hata jicho haliwezi kuona. Bali upana na unene wake hupungua sana. Misumari yenyewe haipungui. Kwa hiyo mbao zilipokauka, misumari ililegea bila kuguswa na mtu, na ubao wa kukalia ukajikunja kama kigae.

Kosa la pili lilikuwa katika kupiga misumari. Nyuzi za mti ni kama mabua yaliyofungwa pamoja. Msumari unaopita kwa kuzikata nyuzi hushikwa imara. Lakini mimi niliipiga misumari kwenye kichwa cha mguu, ikazifuata nyuzi kwenda chini. Msumari wa namna hiyo ni kama kijiti kilichochomekwa katika fungu la mabua: hutoka kwa njia ileile ulioingilia. Tena mguu mmoja ulikuwa umepasuka tangu siku ya kwanza, nami nikauficha ufa kwa rangi.

Kosa la tatu baba alilionyesha kwa swali. "Vigoda vya wazee vilikuwa na miguu mingapi?" Vingi vilikuwa na mitatu, tena vilichongwa katika gogo moja bila kiungo chochote. Miguu mitatu haichezi hata juu ya sakafu ya udongo yenye mabonde, kwa sababu yote mitatu hugusa chini daima. Ikiwa minne, mmoja huweza kubaki hewani. Jambo hili hueleweka kwa hesabu ya jiometri niliyoisoma darasani, lakini sikulikumbuka mpaka baba aliponiuliza.

KUKAUSHA MBAO

Safari hii nilinunua mbao za mgrevilea, mti ule unaopandwa sana katika mashamba ya kahawa na chai, nami sikuzigusa kwa miezi minane. Nilizipanga chini ya paa la nyuma ya nyumba, mahali penye upepo pasipo na jua kali. Zilikaa juu ya mawe ili zisiguse udongo, na kati ya ubao na ubao niliweka vijiti ili hewa ipite. Vichwa vya mbao nilivipaka rangi nzito, kwa kuwa maji hutoka upesi zaidi vichwani, na hapo ndipo nyufa huanzia.

Mafundi wengi hukisia mwaka 1 wa kukausha kwa kila inchi 1 ya unene, lakini hali ya hewa hubadilisha hesabu hiyo. Iko njia ya hakika zaidi. Chukua kipande kimoja, ukipime kwa mizani kila juma na kuandika uzito wake. Uzito utapungua juma kwa juma. Ukiona haupungui tena, ubao umekauka kwa kadiri ya hewa ya mahali pale. Mwenye duka jirani yangu alinicheka kila nilipokuja na kipande changu kwenye mizani yake, lakini hakuninyima.

KIGODA CHA PILI NA CHA TATU

Badala ya misumari nilitumia ulimi na tundu. Nilichonga kichwa cha kila mguu kiwe ulimi wa mviringo, nikatoboa kwa keekee matundu matatu katika ubao wa kukalia. Matundu niliyatoboa kwa mshazari, ili miguu itanuke chini. Maana kigoda cha miguu mitatu hakichezi, lakini hupinduka upesi ikiwa miguu imekaribiana. Miguu niliiweka juma zima karibu na meko ili ikauke kupita ubao wa kukalia. Baadaye ulimi huvuta unyevu wa hewa na kuvimba kidogo ndani ya tundu, ukajikaza wenyewe.

Ili ndimi zisitoke, nilizipasua kidogo kichwani kwa msumeno, nikapigilia kabari ndogo ya mti mgumu. Kwa pigo la tatu ubao wa kukalia ulipasuka toka ukingo hata ukingo. Kazi ya majuma matano ikaharibika mbele ya macho yangu.

Hasira ilinipanda, lakini nilikumbuka maneno ya baba, nikaketi kuutazama ule ufa. Ulikuwa umefuata nyuzi za ubao barabara. Ndipo nilipofahamu kwamba kabari yangu iliusukuma ubao pande mbili za nyuzi zake, kama shoka linavyopasua kuni. Ingalipasa kabari ikae kwa kuzikata nyuzi za ubao, ili isukume kuelekea vichwa vyake, ambako mti una nguvu.

Kigoda cha tatu nilikitengeneza kwa mbao zilizosalia, na kabari nikaziweka ipasavyo. Baba alipokuja tena baada ya mavuno, alikigeuza kwanza miguu juu, akakitikisa, ndipo akaketi. Alikunywa chai yake yote.

MASHAURI KWA ANAYEANZA

1. Kila kiungo kipya kijaribu kwanza katika vipande vya kutupwa. Kipande cha bure kikipasuka, hukupata hasara.

2. Usikitupe kilichoharibika mpaka umeona sababu. Andika juu yake kwa kalamu ya risasi tarehe na kosa. Mimi nina sanduku la vipande kama hivyo, na hukitazama kimoja kabla ya kuanza kazi inayofanana nacho.

3. Noa patasi na randa mara kwa mara kwenye kinoo. Chombo kikiwa butu hulazimisha mkono kutumia nguvu nyingi, na ndipo kinapoteleza na kukata mtu. Mkono usiochonga usikae kamwe mbele ya makali.

4. Randa ikinyofoa ubao badala ya kuulainisha, huenda unakwenda kinyume cha nyuzi. Geuza ubao, uanzie upande wa pili.

5. Funika pua na mdomo unapopiga msasa. Vumbi la mbao hudhuru kifua, na la mvule huwawasha watu wengine ngozi na macho.

6. Anza na kitu kidogo, kama mwiko, rafu au kigoda. Mwiko usiuchonge katika mbao zilizotiwa dawa ya wadudu.

Mtu akianza peke yake hawezi kuepuka makosa. Lakini kosa lililotazamwa hutokea mara moja, na lililofichwa kwa rangi humngoja mgeni. Kwa hiyo, msomaji, kigoda chako cha kwanza kikivunjika, usione haya. Kiweke mezani, umwite na mzee akitazame pamoja nawe.