Injini ya Silinda Mbili: Mashaka ya Wapandaji na Majibu Yake

Wahenga walisema: kipya kinyemi, kingawa kidonda. Lakini mtu aliyejinyima miaka miwili mitatu ili anunue pikipiki havutwi upesi na unyemi. Huuliza kwanza: Je, chombo hiki kitanifikisha niendako na kunirudisha nyumbani? Hilo ndilo swali walilouliza wapandaji pikipiki wa Uingereza mwaka 1937, wakati kiwanda cha Triumph cha mji wa Coventry kilipotoa pikipiki mpya iliyoitwa Speed Twin, yenye injini ya silinda mbili. Katika somo hili tutaeleza jinsi injini ile ilivyofanya kazi, mashaka ya watu yalikuwa nini, na jinsi yalivyojibiwa.

Silinda moja na silinda mbili

Siku zile pikipiki nyingi za Uingereza zilikuwa na silinda moja. Wapandaji waliizoea injini hiyo, na mafundi waliijua kama waijuavyo mikono yao.

Ndani ya silinda mna pistoni ipandayo na kushuka. Kazi yake ina hatua nne. Kwanza huvuta ndani hewa iliyochanganyika na petroli. Pili huibana. Tatu, cheche ya plagi huiwasha, na nguvu ya moto huisukuma pistoni chini. Nne, moshi hutolewa nje. Katika hatua hizo nne, ni moja tu itoayo nguvu. Kwa hiyo kranki, yaani kile chuma kinachougeuza mwendo wa kupanda na kushuka uwe mwendo wa kuzunguka, huzunguka mara mbili ndipo ipate msukumo mmoja. Injini kubwa ya namna hii hufanana na mtu mmoja atwangaye kinuni kwa mchi mzito: hupiga, hunyamaza, kisha hupiga tena. Na kila pigo huutikisa mnyororo na giaboksi.

Edward Turner, aliyekuwa mkuu na mbunifu wa Triumph tangu mwaka 1936, aliigawa kazi ile ile kwa pistoni mbili ndogo. Injini yake ilikuwa na ukubwa wa sentimita za ujazo 498. Kila silinda ilikuwa na upana wa milimita 63, na pistoni ilisafiri milimita 80. Pistoni zote mbili zilipanda pamoja na kushuka pamoja, lakini wakati moja iliposukumwa chini na moto, ya pili ilikuwa ikivuta hewa na petroli. Basi kila kranki ilipozunguka mara moja ilipata msukumo mmoja. Sasa ni kama watu wawili watwangao kwa zamu katika kinu kimoja: mapigo ni mengi zaidi, lakini kila moja ni jepesi. Pikipiki ikawa rahisi kuwashwa kwa mguu, na mwendo wake ukawa laini.

Mashaka manne

Hata hivyo wapandaji hawakukubali upesi, nao walikuwa na sababu zao.

Shaka la kwanza lilihusu wingi wa vitu. Pistoni mbili badala ya moja, plagi mbili, vali nne. Penye vitu vingi pana vingi vya kuharibika.

Shaka la pili lilitokana na mambo yaliyopita. Mwaka 1933 Triumph walikuwa wamekwisha kutoa pikipiki ya silinda mbili yenye injini ya sentimita za ujazo 650, kazi ya mbunifu Val Page. Ilikuwa imara lakini nzito. Wanunuzi wake walikuwa wachache, na baada ya muda mfupi iliachwa. Watu wakauliza: iwapo ile ya kwanza haikudumu, hii ya pili itadumu kwa nini?

Shaka la tatu lilikuwa juu ya beringi. Katika injini nyingi za silinda moja, mkono wa pistoni ulishikana na kranki kwa beringi za rola. Turner alitumia beringi laini zilizopakwa madini meupe mororo, kama zile za motokaa. Beringi za namna hiyo huishi kwa oili isukumwayo na pampu. Oili ikipungua au ikichafuka, hufa upesi.

Shaka la nne lilikuwa juu ya boliti. Silinda zote mbili zilikuwa katika pande moja la chuma, nalo lilikazwa chini kwa boliti sita. Hapa wenye mashaka walipata haki yao. Wapandaji waliokwenda kwa nguvu waliona ukingo wa chini wa pande lile ukipasuka. Kiwanda hakikupoteza wakati kwa kushindana nao kwa maneno: katika pikipiki za mwaka 1939 boliti zilikuwa nane badala ya sita, na udhaifu ule ukaondoka.

Jambo hili lafaa kukumbukwa. Mwenye shaka si adui wa kitu kipya. Mara nyingi yeye ndiye aonaye ufa kabla ukuta haujaanguka.

Majaribio mbele ya mashahidi

Maneno peke yake hayamshawishi mtu anayetaka kutoa pauni zake. Kwa hiyo mapema mwaka 1939 Triumph walikubali kujaribiwa mbele ya wakaguzi wa chama cha mchezo wa pikipiki cha Uingereza, wakishindania tuzo iitwayo Maudes Trophy. Pikipiki mbili, Speed Twin moja na ndugu yake Tiger 100, hazikutengenezwa kwa ajili ya jaribio hilo. Zilichaguliwa dukani, kama mnunuzi ye yote angalivyochagua.

Zilipandwa kutoka Coventry hadi John o'Groats, kaskazini kabisa mwa Scotland, kisha zikateremka hadi Land's End, pembe ya kusini magharibi ya Uingereza, na kutoka huko mpaka uwanja wa mashindano wa Brooklands, karibu na London. Safari hiyo ilipita maili 1,800, tena wakati wa baridi. Huko Brooklands zilikimbizwa kwa saa sita. Tiger 100 ilikwenda wastani wa maili 78 na zaidi kwa saa, na Speed Twin maili 75. Tuzo ikapewa Triumph.

Vita vilikatiza mambo. Mwezi wa Novemba 1940 mabomu yaliharibu kiwanda cha Coventry, na kingine kikajengwa Meriden. Mwaka 1949 kiwanda hicho kilitoa injini kubwa zaidi ya sentimita za ujazo 650, iitwayo Thunderbird. Pikipiki tatu zilipelekwa katika uwanja wa Montlhéry, Ufaransa, na kila moja ikaenda maili 500 kwa wastani wa zaidi ya maili 90 kwa saa. Kufikia mwaka huo BSA, Norton na Royal Enfield nao walikuwa wametoa pikipiki za silinda mbili.

Jambo lililobaki

Tusiseme kwamba mashaka yote yalikwisha. Pistoni mbili zipandazo na kushuka pamoja huitikisa injini, na kadiri injini ilivyokuzwa, mpaka ikakaribia sentimita 750 mwaka 1973, mtikiso ulizidi. Nati zililegea na oili ilivuja. Dawa kamili ilipatikana baadaye: Bonneville mpya ya mwaka 2001, iliyotengenezwa Hinckley, iliwekewa ndani ya injini vyuma vizungukavyo ili kuutuliza mtikiso huo.

Mashauri kwa mwenye injini ya silinda mbili

1. Ikiwa mpya, usiilazimishe. Katika maili za mwanzo acha vyuma vyake vizoeane.
2. Pima oili kabla ya safari, wala usipitishe wakati wa kuibadilisha ulioandikwa katika kitabu cha kiwanda.
3. Kagua nati na boliti mara kwa mara, hasa baada ya safari za kwanza.
4. Nguvu ikipungua ghafula, huenda silinda moja imekufa. Injini ikiwa inazunguka, dondosha tone la maji juu ya kila bomba la moshi, karibu na silinda. Pale ambapo maji hayachemki ndipo penye ugonjwa. Anza na plagi. Usiguse bomba kwa mkono.

Kwa hiyo, je, silinda mbili ni za kutegemewa? Zilitegemewa pale kiwanda kiliposikiliza malalamiko na mwenye pikipiki alipotunza oili yake. Injini ya silinda moja nayo haidai pungufu ya hayo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini injini ya silinda mbili hukimbia kwa ulaini kuliko ya silinda moja?
2. Ni shaka gani lililothibitika kuwa kweli, na kiwanda kilifanya nini?
3. Kwa nini ilifaa pikipiki za jaribio la mwaka 1939 zichaguliwe dukani?