SOMO: Kumuuzia Sahibu Gari Kuukuu ya Matembezi



Msimu mzuri wa karafuu ukishapita, vitu vingi hubadilisha mikono huku mashamba. Mwenye fedha hununua, na mwenye kutaka kipya huuza cha zamani. Katika vitu hivyo zimo gari za matembezi, zile gari ndogo za viti saba au vinane ambazo mtu hakuzinunua kuchukulia magunia, bali kupakia watu wake siku za sikukuu, kwenda Vumawimbi kupunga upepo au kwenda harusini Wete. Gari za namna hii mara nyingi hazipelekwi mnadani. Huuziwa sahibu, au shemeji, au mwanachama mwenzetu, pale pale barazani, kwa maneno mawili matatu na kupeana mikono.

Ugomvi wake ndio mzito. Ukigombana na mtu baki uliyemuuzia kitu, hupotewa na fedha tu. Ukigombana na sahibu, hupotewa na fedha na hupotewa na yule aliyekuwa akikimbia kukusaidia kukusanya karafuu majamvini wingu likitanda. Kwa hiyo tumeona yafaa leo tufundishane habari hii.

Hatusemi watu wasiuziane. Tusemayo ni kwamba mapenzi huwatia watu haya. Mambo ambayo kwa mtu baki ungeyatamka bila ya taabu, kwa sahibu huyanyamazia: ila ya kitu, siku ya kulipa, na jina lililomo katika kadi ya gari.

Tuchukue mfano. Mtu amemuuzia sahibu yake gari kwa shilingi milioni 5. Amepokea milioni 2 mkononi, na zilizobaki atapewa “karafuu zikichumwa.” Mwezi wa pili giaboksi ikafa. Mnunuzi akasema, “Ulijua.” Muuzaji akajibu, “Nilikwambia ichukue ilivyo.” Mikarafuu mwaka ule haikuchukua, deni likalala. Kisha askari wakaikamata gari njiani haina bima, na mtu waliyemfuata ni yule yule aliyeuza, kwa kuwa jina la kadini ni lake. Hapa hapana mwizi wala tapeli. Wapo watu wawili wema ambao kila mmoja moyoni mwake ana hakika kwamba amedhulumiwa.

Ama kuhusu ila, fikihi yetu ya madhehebu ya Shafii inasema wazi. Muuzaji anayeijua ila ya kitu chake imempasa aiseme, na mnunuzi akiikuta ila iliyokuwamo tangu kabla hajakabidhiwa anayo haki ya kurudisha. Na lile neno “ichukue ilivyo” ambalo wengi wetu hulidhani ni ngao, katika kauli yenye nguvu ya madhehebu haya halimwokoi muuzaji isipokuwa katika mnyama, na hata huko ni kwa ila ya ndani ambayo mwenyewe hakuijua. Wanazuoni walimtenga mnyama kwa sababu maradhi yake hujificha hata kwa mwenye kumlisha. Gari si ng'ombe.

Sheria ya Kiingereza ilishika njia nyingine. Sheria ya kuuziana vitu ya Uingereza ya mwaka 1893, ambayo Kenya na Tanganyika zilikuja kuifuata, ilimtaka mnunuzi ajiangalie mwenyewe anaponunua kwa mtu asiyekuwa mfanya biashara wa vitu vile. Hata hivyo haikumwacha muuzaji aseme apendavyo. Zipo kesi mbili za Uingereza ambazo wanafunzi wa sheria husomeshwa hata leo, nazo zafaa sana kwetu. Ya kwanza imeandikwa katika vitabu vya 1957. Mtu wa kawaida aliwapa wenye duka la magari Morris yake akasema ni ya 1948, na kadi ilionyesha hivyo. Baadaye ikabainika ni ya 1939, na kadi ilikuwa imechezewa na mtu mwingine zamani. Mahakama ya Rufaa ilisema muuzaji halipi, kwani alisema alichokisoma kadini kwa nia safi, na wale wenye duka walikuwa na ujuzi wa kupeleleza kuliko yeye. Ya pili ni ya 1967. Mtu aliitangaza gari yake Triumph Herald kuwa ni ya 1961. Mnunuzi akaja, akaitazama, akainunua. Kumbe nusu ya nyuma ndiyo ya 1961, na nusu ya mbele ni ya gari nyingine ya zamani zaidi, zimeungwa kwa kulehemu! Muuzaji naye hakuwa na habari. Safari hii mahakama ilimhukumu alipe, kwa sababu alichouza sicho alichokitaja.

Basi ndugu mwanachama, usitamke kwa sahibu yako neno la hakika juu ya jambo ulilolisikia tu. Ukisema “injini haijafunguliwa” na wewe uliinunua kwa mtu miaka 3 iliyopita, sema “tangu niwe nayo mimi haijafunguliwa.” Tofauti ni maneno manne matano, na maneno hayo ndiyo yanayobishaniwa baadaye.

Gari ya matembezi ina hatari yake ambayo gari ya kazi haina, nayo ni kusimama. Gari iendayo kila siku huonyesha maradhi yake mapema. Iliyokaa chini ya mwembe toka sikukuu hata sikukuu huwa inang'ara rangi, na saa ya kuhesabia maili inaonyesha kidogo, na mnunuzi hufurahi. Ndani betri imekufa, petroli imechacha, panya wamekula nyaya, na hewa ya chumvi imekwisha kula bomba za breki. Mipira nayo huzeeka hata kama haikwendeshwa. Tazameni ubavuni mwa mpira. Zipo tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka uliotengenezwa. Penye 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira kama huo waweza kuwa na meno yote na usifae kupakia watoto. Kwa hiyo gari ya namna hii isijaribiwe kwa kuwashwa tu uani. Iendeshwe hadi ipate moto, ipandishwe mlima, ikazwe breki, na fundi aitazame chini. Fundi huyo awe wa mnunuzi, na ujira wake alipe mnunuzi. Sahibu wa kweli hataona vibaya kuchunguzwa. Hata katika fikihi watu wawili wanaweza kushurutisha hiari ya kurudisha kwa siku zisizozidi 3, na siku 3 zatosha kabisa kuijua gari.

Sasa tuje kwenye deni, na hapa ndipo sisi wakulima tunapojikwaa kuliko watu wengine. “Nitakulipa karafuu zikichumwa” ni neno zuri masikioni, lakini si tarehe. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Kila mwanachama anajua mwaka wa neema na mwaka ambao mtu huchuma vikapu viwili akarudi kulala. Mafakihi wa Kishafii waliliona jambo hili zamani sana, wakasema kuuza kwa muda wa “hadi mavuno” hakusihi, kwa kuwa muda wenyewe haujulikani. Twaona walikuwa na haki. Muda usiojulikana humfanya mwenye kudai aanze kuhesabu magunia ya mwenziwe, na mwenye kudaiwa aanze kupita njia ya nyuma. Andikeni siku, mwezi na mwaka. Kama mnaogopa mavuno mabaya, andikeni tarehe mbili, nusu siku hii na nusu siku ile, na mwandike nini kitafanyika zikipita. Ya kwamba deni liandikwe na lishuhudiwe tumeamrishwa katika sura ya Al-Baqara, na hapakuachwa nje deni la sahibu. Wazee nao walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Kadi haina maneno mengi. Jina libadilishwe kabla ufunguo haujatoka mkononi, au siku ile ile. Mwenye jina kadini ndiye anayetafutwa gari ikifanya kosa au ikigonga mtu, na bima iliyoandikwa kwa jina la muuzaji isidhaniwe kuwa imemfuata mnunuzi. Wapo wanaobakisha jina kusudi wawe na dhamana ya deni lao. Hiyo ni dhamana mbovu: gari inatembea kwa mwenziwe na lawama inalala kwake. Anayetaka dhamana na aiandike dhamana.

Na ikiwa ugomvi umekwisha kuzuka? Mnunuzi aliyeona ila asiendelee kuitembeza gari huku analalamika. Anapoiona tu na aseme siku hiyo hiyo, mbele ya mtu, na aache kuitumia, kwani katika madhehebu yetu haki ya kurudisha huanguka kwa kukawia bila ya udhuru. Ikiwa gari imekwisha haribika jambo jingine mikononi mwake, hawezi tena kumlazimisha muuzaji aipokee. Muuzaji asipotaka kuipokea, watahesabu upungufu. Na hesabu yake ni hii. Fundi wawili, kila upande na wake, waseme gari nzima ingefaa bei gani na yenye ila ile yafaa bei gani. Wakisema milioni 6 nzima na milioni 4 na laki 8 yenye ila, upungufu ni sehemu moja katika tano. Sehemu hiyo hukatwa katika bei waliyouziana, si katika bei ya fundi. Katika mfano wetu waliuziana kwa milioni 5, basi mnunuzi atapunguziwa milioni 1, na deni lake la milioni 3 litakuwa milioni 2.

Wakishindwa kupatana, wamwendee sheha au mzee wanayemheshimu wote wawili kabla ya kwenda mahakamani. Wajue pia kwamba Mahakama ya Kadhi hapa kwetu husikiliza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na wakfu; madai ya gari na fedha yake hupelekwa mahakama za kawaida. Huko hakimu atauliza kwanza karatasi iko wapi. Karatasi yenyewe yatosha kuwa ukurasa mmoja: majina mawili, namba ya gari na ya injini, bei, kilicholipwa, tarehe za kilichobaki, ila zilizotajwa, sahihi mbili na za mashahidi wawili. Ziandikwe mbili, kila mmoja achukue yake.