Pikipiki inakwambia kabla haijakulaza njiani

Leo naweka pembeni mbegu na mbolea, nizungumzie pikipiki. Nikipita kwenye mashamba ya nyanya na hoho nakuta kijana anatunza bomba la kupulizia dawa kama yai, ila pikipiki inayopeleka mzigo sokoni haigusi mpaka izime. Na itazima lini? Siku ya mavuno, maana ndiyo siku iliyobeba mzigo mkubwa. Mnunuzi hakungoji, anajaza gari kwa wengine anaondoka. Nyanya zilizoiva zikilala siku mbili kwenye joto, bei unapangiwa.

Bahati nzuri, mara nyingi pikipiki inatoa dalili siku nyingi kabla.

Anza na cheni, ndiyo inayoteswa zaidi na kazi zetu. Zima injini, simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, gia iwe huru, halafu sukuma cheni ya chini juu na chini kwa kidole. Pikipiki nyingi za cc 125 na 150 zinataka icheze milimita 20 hadi 30 hivi. Kitabu chako kitakupa kipimo kamili. Ikining'inia zaidi ya hapo utaisikia ikigonga kava ukipita kwenye mashimo. Sasa zungusha tairi la nyuma taratibu kwa mkono. Ukikuta sehemu moja cheni imekaza na nyingine imelegea, hiyo imekwisha, kukaza hakusaidii. Tazama na sproketi: meno yakichongoka au yakilalia upande mmoja, nunua seti nzima. Cheni mpya juu ya sproketi iliyochakaa italiwa haraka, hela yako imeenda.

Wengine wanakosea upande wa pili, wanakaza cheni kama waya wa uzio. Kumbuka ukipakia makreti shokapu zinabonyea na cheni inazidi kukaza. Hapo unaua beringi. Na wewe unayebeba mbolea, ile chumvi inakula chuma. Osha pikipiki siku hiyohiyo, iache ikauke, ndo upake cheni oili.

Oili ya injini ipime pikipiki ikiwa imesimama wima sehemu tambarare. Weusi peke yake usikutishe, oili iliyofanya kazi huwa nyeusi. Kinachotisha ni kiwango kushuka kila wiki wakati chini hakuna tone lililovuja, au oili kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Rangi hiyo ni maji yameingia, na huwapata sana wanaovuka mito wakati wa masika. Usiwashe, ivute mpaka kwa fundi. Kuhusu muda wa kubadilisha, kitabu kinataja kilomita, lakini wewe unatembea kwenye vumbi na mzigo kwa gia ndogo. Badilisha mapema zaidi.

Moshi nao una lugha yake. Wa bluu ni oili inaungua ndani; ukiacha, utafika kwenye ringi na pistoni. Mweusi ni petroli nyingi na hewa kidogo. Kabla fundi hajafungua kabureta, mwambie atoe chujio la hewa kwanza. Kiangazi hiki chenye vumbi nusu ya kesi ninazoletewa zinaishia hapo, na pikipiki inaacha kunywa mafuta. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi, ukipotea injini ikipata joto, ni mvuke tu. Watu wa Njombe mnaujua.

Kuna swali naulizwa sana: "Afisa, pikipiki haipandi mlima na mzigo, injini imekufa?" Sikiliza kwanza. Kama injini inanguruma kwa nguvu lakini mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Anza na waya wake, huenda umekazwa mno na leva haina hata mchezo mdogo. Kama injini yenyewe hainyanyuki, hapo tafuta kwenye plagi, hewa na mafuta.

Breki sasa, na hapa tunazungumzia roho yako. Anayetoka Ilula na mzigo akashuka Kitonga hana nafasi ya kubahatisha. Breki ya ngoma ya nyuma mara nyingi ina kimshale kwenye mkono wake. Kanyaga breki, kikipita alama, shuu zimekwisha. Nati ya kukazia nayo ikifika mwisho wa nyuzi zake, maana ni ileile. Mlio wa chuma kusaga chuma ni dalili ya mwisho, usisafiri. Breki ya diski, leva ikiwa laini kama unabonyeza sponji, kuna hewa au maji ya breki yamepungua. Na kwenye mteremko tumia gia ndogo, ngoma ikipata moto sana inakataa kushika.

Matairi unayaona mwenyewe. Spoku zigonge na spana moja moja: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti ya kufa. Honi ikififia na taa ikapungua ukiwa umesimama bila kuvuta mafuta, tazama betri, hasa kama unaondoka alfajiri.

Ukaguzi huu fanya siku tatu au nne kabla ya kuvuna. Ukigundua usiku wa kuamkia soko, duka la vipuri limefungwa. Ukifika gereji usianze na "nibadilishie plagi." Mweleze ulichosikia, kinatokea ukiwa na mzigo au bila, injini ikiwa baridi au ya moto. Halafu kaa hapo uone anachotoa, na kipuri cha zamani mwombe akupe mkononi.