SOMO LA MOTOKAA: PIMA UGONJWA WA MOTERE KABLA YA KUIFUNGUA

Wakulima wa vijiji vya Lualaba, mahindi na makala yenu hufika Kolwezi kwa motokaa. Ikiharibika, wengi hufungua motere palepale chini ya mti. Vumbi huingia ndani, na motere iliyokuwa na ugonjwa mmoja hupata wa pili. Msifanye hivyo. Motere huonyesha ugonjwa wake ingali imefungwa.

1. Tazama moshi, motere ikiisha kupata moto. Moshi wa buluu ni mafuta ya motere yanayoungua ndani: pete za pistoni au valvu zimelika. Moshi mweupe usiokoma, na maji ya radieta yanapungua: maji yanaingia katika silinda. Moshi mweusi maana yake hewa ni haba: kwanza safisha chujio la hewa, hasa wakati wa kiangazi.

2. Motere ikipoa, chomoa kijiti cha kupimia mafuta. Mafuta yakifanana na chai ya maziwa, yamechanganyika na maji. Mara nyingi gasketi ya kichwa imeharibika. Usiiwashe tena. Na kifuniko cha radieta usikifungue ingali moto, utaungua.

3. Kwa motere ya esansi, tafuta fundi mwenye kipimo cha mgandamizo. Apime kila silinda, nawe andika namba. Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400, na hewa yake ni nyepesi. Kwa hiyo namba zitakuwa chini kuliko za kitabu. Basi linganisha silinda moja na nyingine. Moja ikipungukiwa robo au zaidi, atie kijiko cha mafuta ya motere katika tundu la buji, apime tena. Namba ikipanda, pete zimelika. Isipopanda, kosa ni la valvu au gasketi. Motere ya mazutu isitiwe mafuta hivyo, yaweza kuvunjika.

4. Sikiliza. Ukisikia mgongo mzito toka chini, na taa ya mafuta inawaka, zima papo hapo.

Andika yote uliyoyaona, kisha ndipo fundi afungue. Mwenye karatasi hiyo hufungua mahali pamoja na kununua kitu kilichoharibika tu. Asiye nayo hubahatisha, na mavuno ya mwaka mzima huishia katika vyuma visivyohitajiwa.