Somo la Afya: Anachokiona Mzee Mwenye Dimenshia

Mzee mwenye dimenshia, ule ugonjwa wa ubongo ambao kwa wengi huanza kwa kusahau kupita kiasi, hufika mahali akafanya mambo yanayowachosha wa nyumbani. Anasimama mlangoni akikataa kukanyaga mkeka mweusi. Anaweka kikombe pembeni mwa meza, kinaanguka. Anaacha nusu ya chakula, kisha analalamika kwamba hakushiba. Wengi husema ni ukaidi wa uzee. Mara nyingi shida iko katika kuona.

Jicho hupokea mwanga tu. Anayeamua kwamba kile cheusi ni mkeka, kwamba ngazi iko chini kwa hatua moja, na kwamba uso ule ni wa binti yake, ni ubongo, hasa sehemu zake za nyuma, upande wa kisogo. Dimenshia ikifika huko, mtu aweza kuzisoma herufi za daktari wa macho na bado akapapasa kutafuta kiti kilicho mbele yake. Hushindwa kukadiria umbali na kina, kutenganisha rangi zinazokaribiana, na kuona kilicho pembeni. Ndiyo maana hushtuka ukimjia kwa ubavuni. Mwendee kwa mbele, utaje jina lako, kisha ndipo umguse.

Hata hivyo, anzeni na macho yenyewe. Mtoto wa jicho, presha ya macho na madhara ya kisukari huwapata wazee hawa pia. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na dimenshia peke yake si sababu ya kumnyima mzee matibabu hayo. Mwaka 2024, tume ya wataalamu ya jarida la kitabibu la Lancet iliweka upungufu wa kuona usiotibiwa miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza hatari ya kupata dimenshia. Kama ana miwani, angalieni ni yake na ni safi. Ile ya kusomea avuliwe anapotembea, kwa sababu humtia ukungu sakafuni.

Ndani ya nyumba, tazameni chini kwanza. Kitu cheusi sakafuni huonekana kama shimo, na saruji inayong'aa huonekana kama maji. Ondoeni mikeka midogo, na kila ukingo wa ngazi upakwe rangi isiyofanana na sakafu.

Choo ndicho kinachosahaulika zaidi, nasi tungependa kila familia ikiangalie leo. Katika choo cha shimo, sakafu ni ya kijivu, tundu ni jeusi na mwanga ni hafifu. Mzee hajui aweke mguu wapi, basi anajisaidia nje ya tundu au uani, na anagombezwa. Pakeni rangi nyeupe au ya manjano kuzunguka tundu na mahali pa kuweka miguu, fungeni kamba au mti imara wa kushika, na wekeni taa ya sola kwa ajili ya usiku. Gharama yake ni ndogo kuliko ya nyonga iliyovunjika.

Chakula nacho. Ugali mweupe, au wali, kwenye sahani nyeupe haujitokezi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston, Marekani, walichapisha mwaka 2004 matokeo ya kuwapa wanaume tisa wenye Alzheimer iliyokomaa vyombo vyekundu badala ya vyeupe: walikula asilimia 25 zaidi na kunywa asilimia 84 zaidi. Ni watu wachache, lakini kujaribu sahani ya plastiki yenye rangi kali hakumdhuru mtu.

Jambo zito zaidi ni pale mzee anapoona watu wasiokuwepo. Huenda akaongea na kioo kwa kuwa hatambui kwamba aliye ndani ni yeye, au akadhani watu wa televisheni wameingia sebuleni. Katika aina moja ya dimenshia, ile ya Lewy, kuona watoto au wanyama wasiokuwepo ni dalili ya kawaida. Jirani akisikia nyanya anaongea peke yake usiku, neno uchawi haliko mbali. Kilifi na Kisii wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Usifiche ugonjwa. Waeleze majirani, mzee wa mtaa na chifu mapema, kwa jina lake: huyu ni mgonjwa wa ubongo, na anatibiwa.

Kwa mzee mwenyewe, usibishane naye wala usijifanye unaona. Mwambie, "Mimi sioni mtu, mama, lakini najua umeogopa. Niko hapa." Kisha washa taa, funika kioo kwa leso, mpeleke chumba kingine. Jioni giza linapoanza kuingia ndipo vivuli huwa vingi, kwa hiyo usingoje usiku kuwasha taa.

Mabadiliko ya ghafla hayangoji. Mzee aliyekuwa sawa jana na leo anaona vitu visivyokuwepo huenda ana malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, au dawa mpya haijamfaa. Asipoona ghafla, au mdomo ukipinda na mkono ukilegea, hiyo huenda ikawa kiharusi: hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa mengine, muone mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako, akuelekeze kwenye kliniki ya macho iliyo karibu. Nenda na daftari uliloandika mzee aliona nini, saa ngapi, mahali gani, na taa ilikuwa imewashwa au la.